Wifi wa Kipuni

Nilikuwa nakanda udongo uani kwetu, Hadrumeto, pale Himlik mchunga nyumbu alipoingia bila hodi. Alishika mwimo wa mlango akihema kama mbwa.

"Arishat," akasema, "kaka yako kakamatwa."

"Kakamatwa na nani? Si alikwenda kuwauzia Warumi? Sisi tuko upande wao!"

"Basi kakamatwa na hao hao tulio upande wao."

Nikamkalisha, nikampa maji. Kaka yangu Gersakon alikuwa amepeleka mitungi ya mchuzi wa samaki kwenye kambi ya Warumi karibu na Utika, kama tulivyofanya tangu vita vianze. Mji wetu uliwafungulia Warumi malango mapema, nao wakatuahidi uhuru wetu. Lakini wakati Gersakon na Himlik wanarudi, Karthago ilikuwa imekwisha kuanguka, inawaka moto, na askari walitanda njia zote wakiwasaka waliotoroka.

"Walituzuia njiani," Himlik akasema. "Mimi nilikuwa nimeingia kichakani kukojoa, nakishukuru kibofu changu. Wakamuuliza kaka yako neno moja tu: Mpuni? Naye, unamjua alivyo, akatoa kifua mbele: 'Ndiyo, Mpuni! Mpuni halisi!' Wakamrukia. Akapigana nao, mmoja akamchoma mkuki ubavuni. Wakamfunga kamba pamoja na Wakarthago."

"Sasa ulitaka aseme nini? Sisi si Wapuni?"

"Ni Wapuni, dada'angu. Lakini masikioni mwao siku hizi Mpuni na Mkarthago ni kitu kimoja."

Si kitu kimoja, wala hakijawahi kuwa. Mkarthago ni mtu wa Karthago, mji ule na basi. Mpuni ni yeyote katika sisi ambao mababu zetu walivuka bahari kutoka Tiro na Sidoni: watu wa Utika, wa Hadrumeto, hadi Gadiri kule jua linakozama. Jina lenyewe la Wapuni ni la Warumi, nasi tulilizoea kama mtu anavyozoea kiatu cha kuazima. Kila Mkarthago ni Mpuni, lakini mwambie Mpuni wa kwetu kuwa yeye ni Mkarthago uone atakavyokutazama. Na waliotufundisha tofauti hiyo walikuwa Wakarthago wenyewe. Nilipokuwa mtoto, mtoza ushuru wao alimwambia baba, "Usinizoee. Mimi ni wa Karthago, wewe ni mtu wa pwani tu." Kisha akaamuru achapwe pale pale uani, sisi watoto tunatazama, kwa kuwa mitungi ya mafuta ilipungua.

Kwa hiyo Karthago ilipoungua, sikulia. Niliyemlilia ni kaka yangu.

Nikaenda na Himlik juu ya nyumbu zake. Tulipokaribia upande wa Karthago upepo ulitugeukia, nikajifunika pua kwa kitambaa. Himlik, ambaye hanyamazi hata usingizini, hakusema kitu mpaka tulipoiona Utika.

Mateka walikuwa wamefungiwa nje ya mji, kwenye zizi kubwa la magogo. Wachuuzi wa watumwa walilizunguka kama nzi. Hapo niliambiwa kuwa kesho yake asubuhi ofisa mmoja wa Kirumi, Vekilio, angesikiliza mashauri ya watu wa miji iliyosimama na Roma. Ndugu akija, ataulizwa maswali peke yake. Kisha mateka ataulizwa yale yale. Majibu yakilingana, huyo huru. Na nikaambiwa jambo la pili: atakayejaribu kumficha Mkarthago ataingizwa zizini naye.

Walinzi walikuwa wanacheza dadu kivulini. Nikazunguka upande wa nyuma, nikimwita kwa sauti ya chini.

"Gersakon! Gersakon mwana wa Yatunbaal!"

Akaja akijikokota, ameegemea bega la mwanamke. Alikuwa amekonda, lakini macho yake ni yale yale ya ubishi.

"Nilijua utakuja, dada."

"Kesho nakutoa. Watakuuliza jina la baba, mtaa, kazi. Jibu kifupi, usilete ujuaji wako. Huo ndio uliokuingiza humu."

"Sawa. Lakini tuko wawili." Akamgeukia yule mwanamke. "Huyu ni Batnoam. Jeraha langu yeye ndiye aliyelifunga, alichana nguo yake mwenyewe. Nilipopata homa, maji ya fungu lake alininywesha mimi."

Nikamtazama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, kajifunga kitambaa kichwani. Chini ya kitambaa nywele zake zilichomoza fupi, hazizidi kidole. Pwani nzima ilijua kuwa wanawake wa Karthago walikata nywele zao zikasokotwa kamba za mitambo ya kurushia mawe.

"Mkarthago," nikasema.

"Nina jina," akajibu. "Kaka yako amekutajia."

Na lafudhi ile ile! Watu wa Karthago wanameza sauti za kooni na kuvuta mwisho wa maneno, kana kwamba wana siku nzima ya kusikilizwa. Ndivyo alivyosema yule mtoza ushuru.

"Gersakon, umesahau walivyomfanya baba?"

"Nimesahau? Nani alimpaka mafuta mgongoni, si mimi? Huyu siye aliyemchapa." Akashika gogo kwa mikono miwili. "Kesho sema ni mke wangu. Usiposema, sitoki."

"Umerogwa wewe!"

"Pengine. Lakini sitoki."

"Mwache dada yako," Batnoam akasema. "Sikumwomba mtu kitu." Akageuka aende zake, kisha akasimama. "Ila kama utakubali, kubali sasa. Wale wa dadu wamesimama."

Nikamuuliza swali ambalo sijui lilitoka wapi. "Una watoto?"

"Wavulana wawili walifia ukutani. Binti yangu alitoka nami siku tuliyojisalimisha. Walitutenganisha ufukweni. Nilimwona anapanda meli."

Alisema bila machozi, kama mtu anayetaja bei ya shayiri. Laiti angelia, pengine ningeweza kumkatalia.

"Mama mkwe wako anaitwa Shiba," nikasema haraka. "Baba mkwe Yatunbaal, amekufa majira ya baridi yaliyopita. Mji Hadrumeto, mtaa wa matanuri, mlango wa pili kutoka kisimani. Nyumba ina mti wa komamanga. Sema."

Akasema. Jina la mji wetu alilitamka kama mtu anayeng'ata mfupa.

"Mungu wangu! Kesho sema neno moja moja, umenielewa? Ukifungua mdomo tumekwisha sote watatu."

"Nimeelewa, wifi," akajibu, na nikasikia kejeli ndani ya neno hilo.

Mlinzi akatokea, nikaondoka nikijifanya nauza dengu.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya mama mmoja mfuma sufu. Nikamwomba mkasi wake wa kukatia manyoya ya kondoo, nikakaa mlangoni palipo na mwanga, nikaanza kukata nywele zangu. Himlik akaruka.

"Arishat! Una wazimu?"

"Kwetu mtu akifiwa na baba hakati nywele?"

"Baba yenu kafa muda. Na wewe hukukata, ulisema una kazi nyingi."

"Basi leo nimepata nafasi."

Akaelewa. Nilipofika kisogoni, nisipopaona, akanipokonya mkasi akamalizia yeye, kwa ulaini ambao nyumbu zake hawajawahi kuupata.

Asubuhi tulisimamishwa mbele ya hema la Vekilio. Alikuwa kijana mwenye midomo iliyochubuka kwa jua, na alionekana hajalala. Kando yake alisimama mkalimani, Mpuni wa Utika aitwaye Bodmelkar, mtu mnene aliyekuwa akitafuna dengu za kukaanga kutoka mkunjo wa nguo yake. Upande wa pili alikaa mchuuzi wa watumwa, Naso, ambaye kundi la kaka yangu lilikuwa limekwisha kutengwa kwa ajili yake.

Waliotutangulia walikuwa mzee na mwanawe, watu wa Thapso. Naso akasimama kabla hawajaulizwa lolote.

"Bwana Vekilio, tunapoteza asubuhi. Hawa wote si Wapuni? Lugha yao moja, miungu yao ile ile, hila zao zile zile. Sisi tulipigana na Wapuni. Mpuni akishindwa, anauzwa. Kwisha."

Bodmelkar alitutafsiria hayo akiwa anatafuna. Pale mbele ya hema watu wote waliacha kupumua, maana kama neno hilo lingekubaliwa, hata sisi tuliokuja kudai tungefungwa kamba.

Vekilio akamgeukia Naso. Kisha akasema, na Bodmelkar akatafsiri polepole, neno kwa neno:

"Tulipigana na Karthago. Karthago ni mji, nao umekwisha. Upuni ni ulimi na ukoo. Mkuu wetu aliwapa ahadi Wapuni wa Thapso, wa Hadrumeto na wengine, nami sitamfanya mwongo kwa ajili yako. Hapa Mkarthago anauzwa. Mpuni anakwenda nyumbani. Kaa chini."

Naso akakaa, lakini macho yake hayakukaa.

Zamu yetu ikafika. Gersakon na Batnoam walipelekwa mbali, nami nikaulizwa peke yangu. Baba? Mama? Mtaa? Kazi? Nikajibu. Nikasema nimekuja kumchukua kaka yangu na mkewe, waliokamatwa njiani. Nikadhani yamekwisha, ndipo Naso akamnong'oneza ofisa, na Bodmelkar akaniuliza:

"Kaka yako ana alama gani mwilini?"

"Kovu la moto, bega la kushoto. Alianguka kwenye mlango wa tanuri akiwa mtoto."

Nilipokwisha kusema ndipo nilipouona mtego. Hilo sikumfundisha Batnoam.

Gersakon akaletwa. Akajibu kifupi, sawasawa na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kisha wakamleta Batnoam.

Bodmelkar akamuuliza, "Baba mkwe?"

"Yatunbaal."

"Mnakaa wapi?"

"Matanurini."

"Mti gani uani?"

"Komamanga."

Nikaanza kupumua. Ghafla Naso akainuka, akamvuta kitambaa kichwani. Nywele zake fupi zikaonekana mbele ya watu wote.

"Tazameni! Zimekwenda kwenye mitambo! Huyu ni wa Karthago!"

Askari wakasogea. Miguu yangu ilitaka kukimbia bila mimi. Lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika ushungi wangu, nikauvuta, nikakiacha kichwa wazi.

"Tumefiwa na baba!" nikapiga kelele. "Na mimi nimerusha mawe? Niambieni, na mimi nimerusha mawe? Tumefiwa, mnatuvua nguo mbele ya wanaume!"

Sikuwa naigiza. Kilio kilichonitoka kilikuwa cha baba, nilichokiahirisha tangu majira ya baridi. Vekilio akatazama kichwa changu chenye nywele za mafungu mafungu kama shamba lililofukuliwa na nguruwe, akakunja uso, akamwamuru Naso arudishe kitambaa.

"Swali la mwisho," akasema. "Mumeo ana alama gani mwilini?"

Batnoam akafunga macho. Nikamwona Gersakon anabana meno. Na yeye, niliyemwambia aseme neno moja moja, akafungua macho na kusema, kwa sauti iliyosikika hadi zizini:

"Ana kovu la moto bega la kushoto, kubwa kama jani la mzabibu. Chini yake, ubavuni, ana jeraha la mkuki mliomchoma nyinyi. Nimeliosha kwa maji yangu ya kunywa. Nimelifunga kwa nguo yangu. Mnataka alama nyingine? Muulizeni aliyemchoma!"

Kwanza nilifurahi: amelijua kovu! Aliliona alipokuwa akimwosha. Kisha nikasikia jinsi alivyosema. Kila neno lilikuwa la Karthago, limemezwa kooni, limevutwa mwishoni, limejaa maringo ya mji ule. Kila Mpuni pale hemani alisikia. Mzee wa Thapso aliinamisha uso. Warumi hawakusikia kitu. Kwao sote tunabweka tu.

Bodmelkar aliacha kutafuna.

Akamtazama Batnoam, kisha mimi, kisha mikono yake mwenyewe. Baadaye Himlik alinisimulia aliyoyasikia kwa mama mfuma sufu: ndugu wa Bodmelkar aliuawa na Wakarthago mwaka wa kwanza wa vita, melini. Siku ile sikulijua hilo, na afadhali sikulijua.

"Vipi?" Vekilio akauliza. "Amesema nini?"

Bodmelkar akatafsiri. Habari ya kovu, ya jeraha, ya maji. Ofisa akaitikia kwa kichwa.

"Na usemi wake?" Naso akadakia. "Muulize mkalimani usemi wake! Wao kwa wao wanajuana!"

Vekilio akamgeukia. "Nawe ni mtu wa huku. Usemi wake unakwambia nini? Mwanamke huyu ni nani?"

Nzi alitua shingoni mwangu, sikuthubutu kumfukuza. Bodmelkar akajifuta kinywa.

"Ni Mpuni, bwana," akasema.

Neno hilo la Kirumi nililielewa bila kutafsiriwa. Na halikuwa uongo. Angeweza kuapa kwa miungu yote ya Tiro na ulimi wake usinyauke.

Naso akafoka kitu, lakini Vekilio alikuwa amekwisha kuinua mkono. Alikuwa ametoa hukumu yake asubuhi ile ile, mbele ya watu, kuwa Mpuni anakwenda nyumbani. Hakutaka kuonekana anaikana. Au pengine alichoka tu. "Waondoke," akasema. "Anayefuata."

Walipofunguliwa kamba, Bodmelkar alitufuata hadi nyuma ya mahema, akijifanya anakwenda haja. Nikataka kumbusu mkono, akaurudisha.

"Usinishukuru, mwanamke. Msipite njia ya bandarini, Naso ana watu wake huko. Na wewe," akamwambia Batnoam, "mdomo huo ufunge mpaka Hadrumeto. Masikio yangu yameugua."

Batnoam akamtazama kwa utulivu. "Utika," akasema. "Mlitusaliti mapema."

"Batnoam!" Gersakon akamvuta mkono.

"Ndiyo, mama," Bodmelkar akajibu. "Ndiyo maana niko hapa kukutoa." Akaondoka. Sikumwona tena.

Tulirudi kwa njia ya ndani, kwenye mashamba ya mizeituni, tukisimama kila tulipoona vumbi mbele. Naso hakutufuata, au alitufuata akatupoteza. Himlik alimpandisha Gersakon juu ya nyumbu mpole, sisi wanawake wawili tukatembea na vichwa vyetu vya kuku walionyonyolewa. Hatukusemezana hadi tulipoona kuta za kwetu.

Msidhani tulikuwa ndugu tangu siku ile. Batnoam alikaa nyumbani kwetu kama mke wa Gersakon mbele za watu, na mbele za watu alisema kidogo. Ndani ya nyumba hakunyamaza. Mchuzi wetu wa samaki unanuka, mkate wetu mzito, mama yangu anapika dengu kama anaadhibu mtu. Siku moja nilimjibu vibaya, nikamwambia ashukuru, maana bila sisi angekuwa anasaga nafaka Sisilia.

Akaweka bakuli chini. "Mliokoka kwa sababu hamkuwa sisi," akasema. "Nami nimeokoka kwa kukubali kuwa nyinyi. Nitashukuru, wifi. Nipe muda."

Jioni nilimpelekea makomamanga, akayapokea, tukala pamoja.

Kaka yangu alimpenda, hilo sikuhitaji kuambiwa. Alimtengenezea kikombe chembamba kuliko chochote alichopata kukifinyanga. Lakini Batnoam kila meli ilipotia nanga alishuka bandarini, akiuliza habari za binti mwenye alama nyeusi chini ya jicho, jina lake Arishatim, karibu sawa na langu. Nywele zake zilikuwa zimefika mabegani aliposhuka baharia mmoja wa Gadiri na kusema kwamba kwao, kwenye matangi ya kutia samaki chumvi, wapo wanawake waliouzwa kutoka Karthago. Alama ya jicho hakuijua. Hakuwa ameangalia.

Hilo lilimtosha. Gersakon alimsihi, kisha akamkasirikia, kisha akambebea mzigo hadi gatini. Mama alimfungia mkate ule ule mzito.

Nahodha wa Gadiri alikuwa anawapokea abiria kwenye ubao. Hatua chache kutoka pale walisimama askari wawili wa Kirumi wakila tini.

"Na wewe, mama, ni mtu wa wapi?" nahodha akauliza.

Nilijua jibu tulilokubaliana: mtu wa Hadrumeto. Alilisema miaka yote ile, kisimani, sokoni, kwa majirani. Akanigeukia, akanishika shavu kwa kiganja, mara ya kwanza kunigusa kwa upole.

"Nimeshukuru, wifi," akasema. Kisha akamwambia nahodha, kwa lafudhi ile ile, bila kupunguza sauti: "Mimi ni Mkarthago."

Askari mmoja aligeuza kichwa. Nahodha alimtazama yule askari, akamtazama Batnoam, akampa mkono.

"Panda, mama," akasema. "Angalia ubao, unateleza."